Mrenda wa Chemutai

Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa napanda ngazi za ploti ninayoishi, karibu na Kibabii, nimebeba mfuko wa madaftari ya kusahihisha, nikasimama katikati ya ngazi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mmoja wa wasichana wa chuo waliokodi chumba cha chini alikuwa anapika mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Harufu ilipita chini ya mlango: majani mabichi yanayochemka, udongo ulionyeshewa, na juu yake ule ukali mdogo wa magadi unaokwama kooni. Niliketi pale pale, madaftari mapajani, nikalia. Mimi si mtu wa kulia ovyo. Msichana alitoka kumwaga maji akanikuta.

"Ticha, kwani ni nini? Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Ilikuwa kweli, lakini sikujua nimweleze nini kingine, maana jambo lenyewe lilitokea nikiwa darasa la nne, na tangu wakati huo sijawahi kulisimulia lote kwa mtu yeyote.

Tulikuwa tunakaa Kitale, mimi na Baba na Mama, katika nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la mabati nyuma. Baba alikuwa fundi wa trekta, mtu mpole mwenye mafuta meusi chini ya kucha ambayo hayakutoka hata Jumapili. Kwetu hasa ni upande wa Chwele, Bungoma, ambako Kukhu, mama yake Baba, alikuwa akilima. Nilizaliwa wakati wa njaa, mahindi yakiwa bado machanga, ndiyo maana nikaitwa Nanjala. Mama alipenda kunitania kwamba jina limenikaa vizuri, kwa vile nilivyokuwa nikila.

Mama alipika vitu vingi, lakini mrenda ndio uliokuwa wake. Aliuchambua jani kwa jani akiwa ameketi kwenye kigoda, akauchanganya na majani ya kunde, akatia munyu. Nyinyi mliokulia huko mnaujua munyu: maji ya rangi ya chai ya rangi, yanayochujwa kutoka kwa majivu ya maganda ya maharagwe. Kukhu alituletea kwenye chupa kila alipokuja, na chupa ilikaa juu ya kabati ya vyombo kama dawa ya familia. Mama aliukoroga mrenda mpaka ukavutika kama uzi, akaupakua na ugali wa wimbi ulio moto kiasi cha kuchoma vidole.

Siku moja nilijikojolea darasani kwa kumwogopa mwalimu, darasa zima likacheka. Nilifika nyumbani nimenuna, sketi imekaukia mwilini. Mama aliniangalia mara moja tu. Hakuuliza kitu. Alinibadilisha nguo, akaniwekea sahani mbele, akasema, "Kula kwanza. Kulia kuko tu, hakuendi mahali." Nikala. Kufikia tonge la tatu nilikuwa ninamsimulia, na kufikia mwisho wa sahani nilikuwa ninacheka jinsi mwalimu alivyoruka nyuma. Hivyo ndivyo nilivyoelewa dunia: kwamba huzuni ni kitu kinachokaa tumboni mahali penye nafasi, na ukipajaza, inatoka.

Kisha Mama akaugua wiki tatu, akafa. Tulimzika Chwele. Ninachokumbuka zaidi katika siku ile si kaburi, ni chakula. Wanawake walipika wali na nyama kwenye masufuria makubwa kama mapipa, na wali ule ulikuwa mtamu. Nilikula sahani mbili. Nilipomaliza ya pili nikaona watu wanaimba kando ya kaburi la mama yangu na midomo yangu ina mafuta. Nilienda nyuma ya choo nikajaribu kujitapisha, hakikutoka kitu.

Miezi iliyofuata Baba alipika. Ugali na sukuma, ugali na mayai, ugali na sukuma tena. Tulikula bila kuongea, redio ikiwa imewashwa. Chupa ya munyu ilibaki juu ya kabati mpaka ikafunga ukungu kwenye shingo, na siku moja sikuiona. Baba aliitupa, nadhani, wala sikumuuliza.

Chemutai alikuja baada ya mavuno. Alitoka upande wa mlimani, kwenye miteremko ya Elgon, msichana mrefu mwenye pengo dogo kwenye meno ya mbele na sauti ya chini sana, kana kwamba kila alichosema alikuwa anakisema kanisani. Baba alisema, "Huyu ni mama sasa." Mimi nikamwita Anti. Hakuna aliyenisahihisha.

Nisingemchukia. Nasema hivyo kwa ukweli kabisa, kwa sababu wiki ya kwanza nilikula chapati zake nne na kulala vizuri. Aliyebadilisha mambo ni Senge, dada yake Baba, ambaye watu walimwita Mama Wekesa na aliyekuwa akiuza nguo za mitumba soko la Kitale. Senge alimpenda Mama kama ndugu wa tumbo moja, na nadhani aliona kiti cha Mama kimekaliwa haraka mno. Siku moja nikiwa kwenye kibanda chake nimeketi juu ya marobota ya nguo, aliniinamia akaninong'oneza.

"Wewe Nanjala, uangalie mikono ya huyo mwanamke akipika. Ati unafikiri anataka mtoto wa mwenzake akue? Hao huweka kitu kwa chakula. Unasikia? Kidogo kidogo, hata daktari haoni."

Hatua chache kutoka hapo, kila siku, alipita mtu mwenye kipaza sauti akiuza dawa ya panya. Iliuzwa kama unga mweupeweupe uliofungwa kwenye vipande vya gazeti vilivyosokotwa ncha. "Panya anakula, panya anaenda," kipaza sauti kiliimba. Katika kichwa changu cha miaka kumi vitu hivyo viwili vilishikana, na sikuweza kuvitenganisha tena.

Nikaacha kula. Si kila kitu, maana nilikuwa na akili zangu. Nilikula mayai ya kuchemsha, kwa sababu hakuna anayeweza kuweka kitu ndani ya yai. Nilikula ndizi ambayo bado ina ganda. Nilikula githeri ya shule, mahindi na maharagwe yaliyopikwa kwa ajili ya watoto mia tatu, kwani nani angetuua sote? Chakula cha Chemutai nilikigusagusa, nikakificha chini ya ulimi, nikaenda kukitema nje. Aliona. Alijaribu wali, akajaribu viazi vya kukaanga, akajaribu maziwa lala ya kwao, yaliyogandishwa kibuyuni na kutiwa makaa yaliyosagwa mpaka yakawa na rangi ya majivu, na hayo ndiyo yaliyonitisha kuliko yote. Nilikonda mpaka sketi ikawa inafungwa kwa pini. Baba alinigombeza, akanibembeleza, akanigombeza tena. Na mimi nikawa mtoto mwingine: mkali, wa kulia bila sababu, wa kupiga wenzake. Sasa ninajua njaa inaweza kumfanya mtu hivyo. Wakati ule niliamini ni sumu inayofanya kazi kidogo kidogo.

Jioni moja Chemutai alinikuta nyuma ya jiko nikimenya ndizi. Alichuchumaa mbele yangu.

"Nanjala, mama yako alikuwa anakupikia nini?"

"Mrenda," nikajibu, na nikajuta papo hapo, kama mtu aliyetoa siri ya nyumba.

"Aliupika aje?"

"Sijui. Uliza yeye."

Aliokota maganda ya ndizi, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata nilipoamka hakuwepo. Alirudi jioni viatu vikiwa na tope jekundu hadi kwenye kifundo, amechoka, na Baba alipomuuliza alisema tu, "Nilikuwa na safari yangu." Baba akaridhika. Mimi nilijua ameenda kwa mganga.

Jumamosi mchana Baba akiwa kazini, Chemutai alijifungia kwenye jiko la mabati. Ukuta ule ulikuwa na matundu ya misumari ya zamani, nami nilikuwa na tundu langu. Nikaweka jicho. Nikamwona akitoa kipande cha gazeti kilichosokotwa kutoka kwenye fundo la leso yake. Akakifungua. Akachota unga mweupe kwa ncha ya vidole, akautia sufuriani, akafikiri kidogo, akaongeza.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia kama si kilichofuata. Harufu ilitoka kwenye matundu ya misumari, na ilikuwa harufu ya Mama. Mrenda, kunde, mvuke wa wimbi. Mate yalijaa mdomoni. Nilitaka kuingia nikae kwenye kigoda nipewe sahani, na wakati huo huo nilijua kwamba hivyo ndivyo panya anavyokufa, kwa kupikiwa kile anachokipenda. Kwa mtoto sidhani kuna hofu kubwa kuliko hiyo. Nikakimbia mpaka sokoni bila viatu.

Senge alifunga kibanda saa hiyo hiyo. Alimpigia Baba simu njiani, akimwambia aache kila kitu aje. Tulipofika nyumbani majirani walikuwa wanaanua nguo kwenye kamba, na Senge hakuwa mtu wa kupunguza sauti.

"Wewe msichana! Umewekea mtoto wa ndugu yangu nini kwa chakula?"

Chemutai alikuwa ameshapanga meza. Sahani tatu tupu, zimefunikwa kifudifudi, na sufuria katikati. Alimwangalia Senge, akaniangalia mimi niliyejificha mgongoni kwa Senge.

"Mama Wekesa, karibu. Ni mboga tu."

"Mboga na unga wa panya! Mtoto ameona!"

"Ni magadi."

"Magadi gani? Na Alhamisi ulienda wapi? Si ulienda kutafutiwa dawa huko kwenu mlimani? Sema!"

Hapo Baba akaingia, bado na ovaroli. Chemutai alimgeukia, na mpaka leo naweza kuuchora uso wake. Alikuwa anamsubiri aseme neno moja. Baba alisimama. Alimwangalia dada yake, akaniangalia mimi na mifupa yangu. Kisha akaenda polepole mpaka kwenye sufuria, akainua kifuniko, akachungulia ndani.

Hakusema kitu. Alichungulia tu.

Chemutai akaiondoa sufuria mbele yake. Akaketi sakafuni katikati ya sebule, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke aliye matangani, akaweka ugali pembeni, akaanza kula. Alikula kwa mkono, tonge baada ya tonge, mrenda ukivutika kutoka sufuriani hadi kidevuni, machozi yakichuruzika bila sauti. Majirani walijaa mlangoni. Senge alisema, "Acha hiyo maonyesho," lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Hakuacha. Alikula chakula cha watu watatu. Alipomaliza alipangusa sufuria kwa kipande cha mwisho cha ugali, akakila, akamwonyesha Baba sufuria tupu.

Kisha tukangoja. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: watu wazima na mtoto walisimama wakingoja kuona kama ataanguka. Hakuanguka. Asubuhi alifunga nguo zake ndani ya shuka, akaondoka kurudi kwao.

Nyumba ilirudi kwenye ugali na sukuma. Baba aliacha hata kuwasha redio. Na mimi sikupona, kama nilivyotarajia. Nilikaa na sahani mbele yangu, hakuna mtu wa kuniwekea sumu, na bado chakula hakikushuka.

Jumatano Kukhu akafika kutoka Chwele bila kutuambia anakuja. Aliingia akiwa na kuku kwapani na kikapu kichwani, na kabla hajaketi akatoa chupa, akaiweka mezani. Ilikuwa imejaa munyu.

"Huyu mke wako ako wapi?" alimuuliza Baba. "Nilimuambia arudi achukue hii, nikangoja, nikaona afadhali nilete mwenyewe. Ile Alhamisi alikuja sikuwa na munyu, nikamuambia kwa sasa atumie magadi kidogo. Kidogo tu. Alikaa na mimi siku yote, tunachambua mboga, ananiuliza, mama, yule alikuwa anakata hivi ama hivi? Anataka mutoto akule. Lakini mbona mutoto amekonda hivi?"

Baba aliketi chini. Alifunika uso kwa mikono yake yenye mafuta, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akilia. Hata Mama alipokufa hakulia mbele yangu. Kukhu aliangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumweleza. Hakuna aliyeweza isipokuwa mimi. Kwa hiyo nikamweleza, nimesimama, mikono nyuma, kama darasani. Hakunipiga. Alisema tu, "Basi," akaenda jikoni na kuku wake.

Baba alipanda mlimani peke yake mara ya kwanza, akarudi peke yake. Mara ya pili alinichukua. Ilikuwa baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye paa la nyumba yao, na mama yake Chemutai alitukaribisha kwa heshima ambayo hatukustahili. Aliweka mbele yetu ugali, mboga, na kibuyu cha maziwa lala yenye majivu, akatumiminia vikombeni. Chemutai aliketi upande wa pili bila kuniangalia. Wazee wa kwao waliongea na Baba muda mrefu. Hakuna aliyeniuliza kitu, lakini nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari.

"Ni mimi nilisema," nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. "Niliona magadi nikasema ni dawa ya panya."

Nikavuta kikombe cha maziwa, yale yaliyonitisha, nikanywa chote, mpaka chembe za makaa za chini. Sikujua njia nyingine ya kuomba msamaha. Chemutai aliangalia kikombe. Kisha akanyanyuka akatoka nje, na nilifikiri hatarudi kwetu tena.

Alirudi Kitale mwanzo wa muhula uliofuata. Hakutoa sababu. Senge alileta kitenge kipya na kukaa naye jikoni mlango ukiwa umefungwa. Walichosemezana hakijanifikia mpaka leo. Mimi nilianza kula. Nilikula kila kitu alichoweka mbele yangu, nikanenepa, nikaacha kupigana, nikawa tena mtoto wa kucheka, na nilipofika kidato cha kwanza nilikuwa nimeacha kumwita Anti, nikawa namwita Mama Chemutai. Alinilea. Alinipikia usiku wa kuamkia mitihani na asubuhi ya harusi yangu, na ndoa hiyo ilipovunjika alinipikia tena, mwezi mzima, bila kuniuliza hata swali moja. Lakini mrenda hakupika. Nilimwomba mara moja, nikiwa na miaka kumi na minne, nikidhani muda umepita wa kutosha. Aliendelea kukatakata vitunguu. "Huo nilishapika," akasema.

Baada ya ile jioni ya kwenye ngazi, nilienda Kitale Jumamosi. Baba amefariki sasa, na Mama Chemutai anaishi peke yake kwenye nyumba waliyojenga, na kuku wake na televisheni asiyoizima. Tulikunywa chai jikoni. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile kwamba alikuwa ametoka kwa Kukhu. Neno moja tu lingemaliza yote.

"Ningesema, wangempigia Kukhu simu kumuuliza kama ni kweli," akajibu. "Kama polisi. Nilikuwa nimepikia watu chakula, sikuwa nimeua mtu." Alizungusha kikombe mezani. "Wewe ulikuwa mtoto, Nanjala. Sikukuwekea kitu moyoni. Lakini baba yako alichungulia."

"Alikuomba msamaha?"

"Miaka yote. Kila mwaka. Nikamsamehe, na bado nilikuwa namuona akichungulia."

Nilikuwa na swali lingine, lile ambalo kwa kweli ndilo lililonipeleka huko, na niliona aibu kwa jinsi lilivyokuwa la kitoto. Nikaliuliza.

"Ule mrenda. Ulitoka sawa? Ulikuwa kama wa Mama?"

Alinitazama, lile pengo la meno likaonekana kidogo, si tabasamu hasa.

"Mimi nitajuaje?" akasema. "Sikuwahi kuonja mapishi yake hata siku moja. Pale nyumbani ni wewe na baba yako tu mngeweza kuniambia."

Matone ya mvua yalianza kugonga mabati. Akanyanyuka haraka, akisema nguo ziko kwenye kamba, akatoka. Nilibaki nimeshika kikombe kilichopoa, nikimsikia akihangaika na vibanio huko nje. Kisha nikatoka kumsaidia.